Sakafu ya karakana imelowa oili: nitandike nini juu yake?

"Nina karakana ya takriban mita 5 kwa 8. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa fundi wa magari, na sakafu ya zege imejaa madoa: mabaka meusi ya oili pale injini zilipokuwa zikishushwa, alama za kutu, na mabaki ya rangi ya zamani. Mimi ni seremala, ila gari langu nalo huingia humo kwa matengenezo madogo. Nilijaribu kupaka rangi ya sakafu kwenye kona moja, na kabla ya miezi mitatu kwisha ikaanza kubanduka. Nataka sakafu yenye mwanga, rahisi kufagia, isiyoteleza. Rafiki yangu ananishauri nimwage petroli nisugue, nipitishe asidi, halafu nipake epoksi nene. Mwingine anasema nipige saruji mpya juu yake nisahau. Nimeona pia vigae vya plastiki vya kuunganisha na mikeka ya mpira. Nichague nini?"

Ndugu msomaji, naelewa kwamba hofu yako si madoa yenyewe. Unaogopa kumaliza pesa na siku zako kwenye kitu kingine kitakachobanduka kama ile rangi ya konani. Basi tuanzie hapo hapo konani. Okota kipande cha rangi kilichobanduka, kigeuze, ukitazame upande wa chini penye mwanga. Ukiona ni laini, hauna kitu kilichong'ang'ania, na kidole kinateleza kidogo ukiupapasa, rangi haikuwahi kushika. Ilikaa juu ya oili. Ukiona umetoka na unga wa kijivu wa saruji, rangi ilishika vizuri, ila ilishika tabaka dhaifu la juu la zege, na tabaka hilo ndilo lililoachia. Ukiona unyevunyevu au chumvi nyeupe, maji yanapanda kutoka chini ya sakafu. Ukitazama kwa juu, kasoro hizi tatu zinafanana, lakini dawa ya moja haitibu nyingine. Kwa hiyo kabla hujaulizia bei ya chochote, kitazame kwanza kipande hicho.

Sasa nieleze kinachoendelea humo ndani. Zege huonekana gumu na lililoziba, kumbe limejaa vitundu. Wakati wa kulichanganya, maji huwa mengi kuliko yale ambayo saruji inayahitaji ili ikaze. Ya ziada hukauka polepole na kuacha njia nyembamba zisizoonekana kwa macho. Oili iliyodondoka leo ikafutwa leo haifiki mbali. Inayodondoka ikiwa ya moto, mahali pale pale, mwaka baada ya mwaka, huzama, kwa sababu njia zile huivuta kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Ndiyo maana mtu husugua doa mpaka likapotea, akaja siku chache baadaye akalikuta limerudi. Alisafisha sehemu ya juu, na oili ya chini ikapanda kujaza nafasi iliyoachwa wazi.

Rangi na epoksi (rangi ngumu inayopatikana kwa kuchanganya resini na kigumishi) hushika zege kwa kuingia kwenye vitundu hivyo hivyo na kwenye mikwaruzo ya juu, kisha kukaza humo. Kitundu kilichokwisha kujaa oili hakina nafasi ya kitu kingine. Unene hauwezi kufidia mshiko uliokosekana. Epoksi nene juu ya oili huwa ngumu na ya kupendeza, halafu siku ikiachia hutoka mabamba makubwa. Kwa hiyo ushauri wa "paka nene" naukataa, ingawa epoksi yenyewe siikatai.

Petroli naikataa moja kwa moja. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kwa chini mpaka ufikie cheche ya mashine, swichi au hita iliyo mbali na ulipomwaga. Karakana ya seremala ina vumbi la mbao kila pembe. Moto ukianza humo hauna subira. Hata moto usipotokea, petroli huifanya oili iwe nyepesi na kuisukuma ndani zaidi, kisha yenyewe huruka ikaiacha oili imetanda eneo kubwa kuliko mwanzo. Doa hufifia kwa sababu limesambaa.

Asidi ni jambo tofauti kidogo, kwa sababu watu huitumia kwa kazi isiyo yake. Asidi ya haidrokloriki hula saruji na kufungua vitundu, na rangi hupata pa kushika. Oili yenyewe, asidi haiigusi. Ukimimina asidi iliyozimuliwa juu ya zege safi utaona povu likichemka. Juu ya doa la oili itakaa kimya, kwa kuwa oili inaizuia kuifikia saruji. Kwa hiyo unaishia kuchimbua pale palipokuwa safi tayari na kuacha pachafu vilevile. Isitoshe, mvuke wake hushambulia chuma. Misumeno, randa na patasi zilizobaki chumbani zinaweza kushika kutu kwa usiku mmoja. Ukilazimika kuitumia, toa vyombo vyote nje, fungua milango, vaa miwani na glavu, mimina asidi kwenye maji na kamwe usimimine maji kwenye asidi, kisha suuza mara kadhaa kwa maji yenye magadi ya kuokea ili kuiua. Mimi hupendelea kukwaruza zege kwa mashine, nitafika huko.

Kuhusu kupiga saruji juu, tabaka jembamba la sentimita moja au mbili juu ya zege lenye oili litafanya kama rangi ilivyofanya, ila kwa gharama kubwa zaidi. Litaachia, litalia tupu ukiligonga, kisha litapasuka. Saruji mpya inaweza kukaa juu ya sakafu chafu iwapo tu haitegemei mshiko kabisa, yaani itandikwe juu ya karatasi nzito ya nailoni na iwe nene vya kutosha kujibeba yenyewe. Hapo tunazungumzia sentimita 5 kwenda juu kwa watu na vitu vya kawaida, na zaidi ya hapo pakiingia gari. Sakafu itapanda, mlango utagoma, na mteremko wa maji itabidi upangwe upya. Ni kazi halali, lakini ni ujenzi. Haiwi njia ya kusahau madoa.

Baada ya hayo, fanya majaribio matatu. Hayagharimu sana, na yatakuonyesha mengi kuliko maelezo ya kwenye kopo.

La kwanza ni la matone ya maji. Nyunyiza matone mahali mbalimbali: kwenye doa jeusi, kwenye kutu, palipo safi, palipokuwa na rangi. Yakizama ndani ya dakika moja au mbili na kuacha alama nyeusi ya kulowa, zege liko wazi. Yakibaki yameviringika juu, kuna oili, nta au dawa ya kuziba iliyopakwa zamani. Chora duara kwa chaki kuzunguka kila mahali yalipogoma. Ukimaliza utakuwa na ramani ya tatizo lako, na mara nyingi ramani hiyo haifanani na madoa unayoyaona kwa macho.

La pili ni la unyevu. Kata kipande cha nailoni safi cha sentimita 45 kwa 45, kibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote nne pasipenye hewa, ukiache angalau saa 16; mimi huacha siku nzima. Ukikifunua ukakuta matone upande wa chini, au zege limekuwa jeusi kuliko jirani yake, maji yanapanda. Weka vipande vitatu au vinne, kimoja karibu na ukuta wa nje. Na kumbuka kwamba jibu kavu la wakati wa ukame si ahadi kwa msimu wa mvua. Epoksi haipitishi mvuke, kwa hiyo unyevu unaopanda hukusanyika chini yake na kuinua malengelenge, hata kama hakuna tone la oili.

La tatu lifanyike baada ya kusafisha. Chagua doa baya kuliko yote, litayarishe kama utakavyotayarisha sakafu nzima, upake eneo dogo la nusu mita kwa nusu mita, ungoje wiki moja. Kisha chora alama ya X kwa kisu mpaka ufike kwenye zege, bandika selotepu ngumu juu yake, uivute kwa mkupuo. Vipande vikitoka na selotepu, umeokoa pesa ya sakafu nzima. Watu wengi hujaribu mahali pazuri ili wajipe moyo. Wewe jaribu palipo pabaya.

Usafishaji wenyewe una mpangilio ambao ukiuvuruga unarudi mwanzo: oili itolewe kabla ya mashine kupita. Ukianza na grenda, joto lake na vumbi hugeuka tope la oili linalosambazwa na kushindiliwa kila mahali. Anza kwa kukwangua grisi kavu kwa kibao cha chuma. Kisha mwaga dawa ya alkali ya kuondoa mafuta pamoja na maji ya moto, sugua kwa brashi ngumu, na ukae nayo ikiwa mbichi kwa dakika 15 hadi 30 bila kuiacha ikauke. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kushindwa: maji hayo machafu lazima yainuliwe kwa mashine ya kufyonza maji au kwa matambara. Yakikaukia sakafuni, oili inarudi ilikotoka. Usiyasukumie kwenye mtaro wa mvua. Suuza, kausha, rudia jaribio la matone, na urudie kazi yote pale yanapogoma.

Kwa doa lililozama sana, tumia uji mzito wa unga unaonyonya, kama chokaa ya unga au talki, uliochanganywa na dawa hiyo hiyo. Paka unene wa kidole juu ya doa, funika kwa nailoni siku nzima, kisha funua uache ukauke kabisa kabla ya kuukwangua. Unapokauka ndipo unapovuta oili juu. Mara nyingi huhitaji kurudiwa, na kila mara unga unaotoka huwa mweupe zaidi kuliko wa awali. Unga ukiacha kubadilika rangi lakini maji bado yanagoma, umefika kikomo cha kusafisha. Zege hapo limelowa kwa kina, na ni heri ulikubali hilo kuliko kulifunika.

Kutu hainisumbui sana. Asidi ya okzaliki huiondoa, kwa glavu na kwa kusuuza vizuri, maana ni sumu. Rangi ya zamani ichukulie kwa tahadhari zaidi: kama hujui umri wake, ipime kwanza kama ina madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu, kabla ya kuisaga, kwa kuwa rangi nyingi za zamani zina madini hayo.

Baada ya oili kutoka ndipo grenda yenye kikombe cha almasi ipite, mpaka zege lihisike kidoleni kama msasa wa wastani. Vumbi la zege lina silika, nayo huharibu mapafu bila kurudi nyuma. Usisage kavu bila kifuniko kilichounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi, na uvae barakoa yenye kichujio cha chembe, inayobana uso vizuri. Kitambaa hakitoshi.

Sasa machaguo, kwa karakana yako wewe, yenye mbao na gari pamoja.

Epoksi ya sehemu mbili ndiyo inayokupa unachokiomba: mwanga, ufagio unaopita bila kukwama, na skrubu iliyoanguka inaonekana. Huvumilia oili inayodondoka juu yake vizuri sana. Shida yake ni oili iliyo chini. Zipo praima, yaani rangi za tabaka la kwanza, zilizotengenezwa kuvumilia mabaki kidogo ya oili, na zinasaidia, lakini "kidogo" maana yake ni baada ya kusafisha, si badala yake. Changanya kwa kipimo kamili, maana kigumishi kikizidi au kikipungua sakafu hubaki inanata. Paka joto la sakafu linaposhuka, alasiri kuelekea jioni. Ukipaka asubuhi zege likiwa linapata joto, hewa ya kwenye vitundu hutanuka na kutoboa viputo kwenye rangi mbichi. Ili kuzuia utelezi, nyunyiza mchanga mkavu safi au chembe za alumini oksidi kwenye tabaka la chini kabla halijakauka. Gari lisubiri takriban wiki nzima hata kama unaweza kutembea juu yake kesho yake, kwa sababu tairi lenye joto hung'oa rangi ambayo haijakomaa. Epoksi hugeuka manjano palipo na jua, na cheche za kuchomelea huacha makovu. Vaa glavu muda wote: resini ikigusa ngozi mara kwa mara huleta mzio, na mzio huo ukishaingia hauondoki.

Rangi za kopo moja, kama ile uliyojaribu, ni nyembamba mno kwa matairi na jeki. Ziweke kwa stoo.

Vigae vya plastiki vya kuunganisha ndivyo ninavyovipenda kwa sakafu iliyoshindikana kusafishwa, kwa sababu havihitaji mshiko wowote. Unavitandika, unavigonga vishikane, na siku ukihama unavichukua. Kwako wewe chagua vilivyoziba. Vile vyenye matundu humeza vumbi la mbao na skrubu, na kitoroli chenye magurudumu madogo hukwama. Acha nafasi ndogo ukutani, maana plastiki hutanuka kwa joto, na ukiibana itavimba katikati. Weka kibao kipana chini ya jeki na stendi zake. Tairi likikaa muda mrefu juu ya vigae vya PVC huacha doa la kahawia lisilotoka, kwa kuwa kemikali za mpira huhamia kwenye plastiki. Chagua rangi nyeusi au kijivu kizito pale gari linaposimama. Oili iliyomwagika itapenya kwenye maungio, kwa hiyo inua safu mojamoja mara kwa mara ukague.

Mikeka ya mpira ni rafiki wa miguu na patasi zinazoanguka, mbele ya meza ya kazi. Isitandikwe sakafu nzima. Mpira wa kawaida ukilowa oili huvimba na kulainika. Wa nitraili ndio unaovumilia. Vigae vya kauri sivipendekezi: gundi yake inadai zege safi kama epoksi inavyodai, na nyundo ikianguka unapata ufa.

Halafu kuna chaguo ambalo hukulitaja: kuacha zege wazi, lililosafishwa, na kulinywesha dawa ya silikati inayokaza vitundu na kupunguza vumbi. Haifichi doa hata moja. Lakini haibanduki, kwa kuwa hakuna cha kubanduka, na sakafu ngumu yenye madoa inabeba kazi sawasawa na isiyo na madoa.

Ningekuwa na karakana yako, nisingetafuta jibu moja kwa mita zote 40. Ningesafisha kote na kupima kote. Upande wa useremala ukipita majaribio, ningepaka epoksi ya kijivu chepesi na kuweka mkeka mbele ya meza. Upande wa gari, kama doa baya limeshindwa jaribio la selotepu, nisingepaka chochote. Ningetandika vigae vilivyoziba na sinia ya kukinga matone chini ya injini. Mstari ambapo pande hizo mbili zinakutana uwe pale duara zako za chaki za jaribio la matone zilipoishia.

Yapo mambo ambayo siwezi kuyaamua kwa maandishi, na hapo uite mtu aje aone. Nailoni ikirudi imelowa mahali pote, tafuta chanzo cha maji kabla ya sakafu. Huenda ni bomba, au mfereji wa nje. Ufa ambao upande mmoja uko juu kuliko mwingine, au unaozidi kupanuka, ni wa mhandisi. Zege linalomeguka kwa kucha, au lililoliwa na asidi ya betri, huhitaji kukatwa na kujazwa. Ukikuta chini ya rangi kuna vigae vya zamani vilivyogandishwa kwa gundi nyeusi, usivisage wala kuvivunja mpaka vipimwe kama vina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu. Na zege likiendelea kunuka petroli au dizeli baada ya kusafishwa, usifunge eneo hilo kwa kitu chochote kabla halijachunguzwa.

Fundi akija kukupigia hesabu ya epoksi, mwonyeshe duara zako za chaki na umwombe aanze na kipande cha majaribio juu ya lile doa baya kuliko yote, kisha mkubaliane bei ya sehemu iliyobaki baada ya wiki kupita na selotepu kuvutwa ukiwapo.